Presha ya Dereva Abasi

Wivu hauoti mvi. Tobias wa Ntalikwa alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti yamechoka, magego yamebaki mawili, lakini wivu wake juu ya Abasi ulikuwa bado kijana wa kuoa. Na mkitaka kujua asili yake, ulianza kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Babu yake Abasi alikuwa kirangozi, yule mtu wa kutangulia msafara kutoka Tabora mpaka pwani, manyoya kichwani na ngoma nyuma yake. Babu yake Tobias alikuwa mpagazi, huko katikati ya vumbi, pembe ya ndovu begani. Njia ile ile ya babu zao ilipokwisha kutandikwa reli, wajukuu waliajiriwa mwaka mmoja, wote mafayamani, yaani watu wa kulisha moto wa gari la moshi.

Miaka ishirini na nne walilisha moto chini ya madereva wa Kizungu na makalasinga. Uhuru ulipokuja wakatafutwa Waafrika wa kuendesha, akaitwa Abasi. Abasi akapewa kofia ya dereva, na Tobias akapewa Abasi. Miaka minane mingine, mpaka siku ya kustaafu, alimlishia moto rafiki yake, kwenda Kigoma na kurudi, kwenda Tura na kurudi, huku watoto wa Igalula wakimpungia mkono dereva. Fayamani hapungiwi mkono. Kwa nini Abasi na si yeye? Jibu Tobias alilijua, ila hakulipenda: Abasi alikuwa na jicho la njia. Alikuwa akiona ng'ombe juu ya reli kabla ng'ombe mwenyewe hajajua kwamba yuko juu ya reli.

Basi mwaka huo wa sabini na tano wote walikuwa wazee wa nyumbani. Abasi alikaa Ng'ambo, mjini, katika nyumba yenye baraza ya saruji. Tobias alirudi kwao Ntalikwa, na kijiji kilipoandikishwa cha ujamaa akajikuta analima tumbaku ya wote pamoja na vijana waliomwita babu. Lakini kila Jumamosi alipanda baiskeli yake akaenda mjini kwa Saidi muuza kahawa, akakaa kwenye benchi ubavuni mwa Abasi. Mnauliza kwa nini mtu aende kukaa karibu na anayemchoma? Mwulizeni mwenye jino bovu kwa nini ulimi wake hauachi kuligusa.

Mambo yalianza Alhamisi moja. Tobias alikuwa akilalamika kichwa, mkewe Leonia akachoka kusikiliza, akamwambia aende zahanati ya karibu na stesheni akapimwe. Abasi akasema atamsindikiza. Na kwa kuwa Abasi alikuwa mtu wa kutangulia, walipofika ndani alikaa yeye kwanza kwenye kiti cha mgonjwa, akakunja mkono wa kanzu.

Muuguzi, binti mmoja aitwaye Veneranda, alimfunga kitambaa mkononi, akabonyeza kimpira, akasikiliza. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Mia mbili na kumi," akasema, na uso wake haukucheka. "Mzee, nisubiri hapo nje. Dawa za presha zimetuishia, lakini nataka nimwone mganga kwanza."

Abasi aliinuka kama mtu aliyevishwa nishani. Ikumbukwe kwamba hawa walikuwa watu wa gari la moshi. Neno presha hawakulijua hospitalini, walilijua garini: ndiyo nguvu ya mvuke. Gari lenye presha hupanda mlima na mabehewa ishirini. Lisilo na presha hukaa stesheni watu wakala karanga. Na gari lao wawili, saa yake ya mvuke ilikuwa na alama nyekundu kwenye mia na themanini.

"Umesikia?" Abasi alimwuliza Tobias. "Mia mbili na kumi. Katika umri huu."

Ikawa zamu ya Tobias. Alikaa akakaza misuli, akavuta pumzi akaizuia. Veneranda akamwambia apumue kama watu. Zebaki ikapanda, ikashuka, ikatulia.

"Mia na arobaini," akasema. "Yako si mbaya, baba. Kichwa hicho ni cha jua la shambani. Kunywa maji."

Si mbaya! Mia na arobaini ni mvuke wa kuchemshia chai. Alipotoka nje Abasi alikwisha kwenda zake bila kusubiri mtu, na Tobias alijua amekwenda wapi.

Jumamosi alipofika kwa Saidi habari ilikuwa imemtangulia. "Karibu, Mia na Arobaini," alisema Saidi, akimwinulia kikombe. Benchi zima likacheka. Abasi akaeleza, kwa sauti yake ile ya kushinda kelele za gari, kwamba wanaume wawili waliopimwa siku moja kwa chombo kimoja wamejulikana nani ni nani. Akasema gari la mia mbili na kumi lingeweza kuondoka sasa hivi mpaka Kigoma bila kusimama kunywa maji. Akasema la mia na arobaini lifanywe banda la kuku.

Tobias alicheka nao, kwa sababu asiyecheka utani huongezewa. Lakini kahawa ilimshuka chungu. Hata damu? Alijiuliza njia nzima ya kurudi, akikanyaga baiskeli kwa hasira. Kofia alipewa yeye, nyumba ya saruji anayo yeye, na hata damu yake imepewa nguvu kuliko yangu? Alipofika nyumbani alimwamuru Leonia azidishe chumvi kwenye mchuzi na pilipili kwenye kila kitu. Leonia alipopata sababu, aliweka mwiko chini.

"Baba Apolinaria," alimwambia, "watu hushindania ng'ombe, hushindania mashamba. Nyinyi mmefika kushindania damu?"

Jumanne asubuhi alirudi zahanati peke yake. Veneranda alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, mwanangu, kisha akainama mezani ili wengine wasimsikie. Akaomba dawa ya kupandisha presha.

"Kupandisha?" Veneranda alidhani amesikia vibaya. "Mpaka wapi, baba?"

"Mia mbili na kumi na tano ingetosha."

Yule binti alianza kucheka, akaona mzee hatanii, akaacha. Akamkalisha chini, akamweleza kwa utaratibu. Presha ya damu si nguvu. Kupanda ni ugonjwa, na ni ugonjwa mbaya kwa sababu mwenyewe hausikii; mtu anatembea, anacheka, anakunywa kahawa yake, na ndani mambo yanaharibika. Mishipa ya mzee si ya kijana, alisema. Imetumika, imekakamaa, imechakaa kwa ndani.

"Kama kutu?" Tobias aliuliza.

"Mimi sikusomea chuma, baba. Lakini tuseme kama kutu. Sasa mishipa ya namna hiyo ukiisukumia damu kwa mia mbili na kumi, siku moja mmoja unapasuka, na mara nyingi ni wa kichwani." Akavuta mtoto wa meza, akaonyesha bahasha ndogo. "Dawa zimekuja, za mwenzako nimemwekea hizi hapa. Lakini siwezi kukupa wewe umpelekee, lazima nimpime tena mwenyewe. Mwambie aje leo, au kesho asubuhi. Na aache chumvi. Mwambie nimesema asikose."

Tobias alisema atamwambia. Alitoka nje, akashika baiskeli yake, akasimama. Alilielewa jambo lile kuliko Veneranda mwenyewe alivyolielewa. Garini, dereva anatazama njia. Saa ya mvuke ni ya fayamani. Miaka yote ile yeye ndiye aliyeitazama, na hakuiacha hata siku moja ivuke alama nyekundu. Alijua pia kwamba boila likizeeka, mkaguzi huja akaliteremshia alama, kwa sababu chuma kilicholiwa na kutu hakibebi mvuke kilioubeba kikiwa kipya. Alijua boila likipasuka linafanya nini kwa watu waliosimama karibu nalo.

Yote hayo aliyajua, na pale aliposimama alijisikia furaha. Tuseme kweli tu, ilikuwa furaha. Ilimpanda kutoka miguuni kama pombe ya mtama. Mia na arobaini ilikuwa ndiyo uzima, na yule mwenye kofia alikuwa amebeba ugonjwa akautembeza mji mzima akidhani ni sifa. Nyumba ya Abasi ilikuwa mkono wa kulia, mwendo wa kuvuta sigara moja. Tobias alikata kushoto, akarudi Ntalikwa.

Si kwamba alimtakia Abasi kifo. Angeulizwa angeapa kwa Bikira Maria. Alitaka tu mwenyewe aionje furaha ile kidogo: siku mbili tatu za kujua jambo ambalo Abasi halijui, baada ya miaka yote ile ya kuwa nyuma. Nitamwambia kesho, alijisemea Jumatano. Nitamwambia Jumamosi, alijisemea Alhamisi.

Jumamosi alikwenda. Waliposema karibu Mia na Arobaini, aliitikia kwa tabasamu mpaka Saidi akamwuliza kama ameokota kitu njiani. Abasi alikuwa akila karanga za chumvi kutoka kwenye kipande cha gazeti. Mtu mmoja akamtania kwamba wazee hula chumvi kidogo kidogo, Abasi akajibu, "Mimi nimekula chumvi nyingi, na bado naila." Benchi likacheka, maana kula chumvi nyingi ni kuishi sana, na Abasi alikuwa bingwa wa kupindua maneno. Tobias alinyoosha mkono, akamsogezea zile karanga zimfike karibu zaidi.

Usiku ule hakula. Leonia alimwuliza ana nini, akasema tumbo. Wiki nzima alikuwa hapo na hayupo, akipalilia tumbaku akakata na miche. Ile furaha ilikuwa imekwisha kumchacha, lakini kila alipotaka kwenda mjini aliisikia sauti ya Abasi ikisema banda la kuku, na miguu ikawa mizito. Mwenye wivu hulala na adui yake kitanda kimoja. Mwenziwe analala kwake, anakoroma, hana habari.

Jumamosi iliyofuata, siku ya kumi na moja tangu bahasha ile ionyeshwe, walikuwa kwenye benchi, na kikombe cha kahawa kikamponyoka Abasi. Kilianguka kikavunjika. Abasi aliutazama mkono wake wa kushoto, akaufungua na kuufumba, akacheka. "Umelala," alisema. "Umeniacha mimi macho." Neno macho lilitoka likiwa limeteleza kidogo, kama la mtu aliyetoka kung'oa jino.

Hapo Tobias alishikwa na hofu. Ilikuwa hofu ya kazi, hofu ya mtu anayeona mshale umevuka alama. Akasimama mbele ya watu wote, akasema kwa pumzi moja: "Abasi, twende zahanati sasa hivi. Ile presha yako ni ugonjwa. Yule binti kaniambia. Kaniambia mshipa utapasuka kichwani. Kakuwekea dawa za kuishusha."

Angelimwambia faraghani, labda. Angelimwambia ile Jumanne, hakika. Lakini aliyasema pale, mbele ya watu wale wale waliomcheka wiki tatu, na Abasi alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, na taratibu uso wake ukapata tabasamu.

"Za kuishusha," alisema. "Mpaka ngapi, mzee mwenzangu? Mia na arobaini?"

Walicheka mpaka Saidi akaweka birika chini. "Miaka yote nilijua una wivu, Tobias," Abasi aliendelea, na hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema mtu jina la rafiki yake. "Kofia nilikusamehe. Mvuke wangu niachie."

Tobias angeweza kumshika mkono. Angeweza kumwita mkewe Abasi, Mwanne, aliyekuwa hatua mia moja kutoka pale. Lakini kile kicheko kilimfika palepale pa siku zote. "Basi na upasuke," alisema, akapanda baiskeli.

Kesho yake kanisani Leonia alikwenda kupokea komunyo, Tobias akabaki kwenye kiti. Alikuwa ameamua: misa ikiisha aende moja kwa moja kwa Mwanne, apige magoti kama ni lazima. Misa ilipoisha, nje ya mlango walisimama watu wakiongea kwa sauti ya chini. Abasi ameanguka alfajiri, akitawadha. Upande mmoja umekufa. Amepelekwa hospitali kwa mkokoteni.

Wiki mbili Abasi alilazwa, na wiki mbili Tobias hakukanyaga mjini. Watu walikwisha kuyapima maneno yake. Wengine walisema ana ulimi mbaya, wengine walisema wivu wa namna ile haukosi dawa ya kienyeji nyuma yake. Hakukasirika. Walikuwa wamekosea njia tu, mahali walipofika ndipo.

Ndipo siku moja Saidi akaja Ntalikwa kwa baiskeli, jasho linamtoka, hakumwita Mia na Arobaini. "Mwanne anakuita," alisema. "Abasi wamemrudisha nyumbani. Hali chakula."

Mwanne alimpokea mlangoni. Tobias alikuwa amejitayarisha kutukanwa, na angeshukuru.

"Shemeji, tumeshindwa," Mwanne alisema. "Tangu lilipompata ana neno moja tu. 'Tia.' Mchana kutwa, 'tia, tia.' Tumetia ubani kwenye chetezo, sicho anachotaka. Tumemtia sukari kwenye uji, katema. Shehe kamtilia maji ya kombe, kayasukuma. Kijiko cha mtu yeyote hakubali, mimi, binti zake, hata muuguzi. Mganga kasema asipokula wiki hii haimalizi. Nikafikiri labda ni maneno yenu ya garini."

Tobias alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amelielewa neno kabla Mwanne hajamaliza. Ndiyo amri ya dereva kwa fayamani. Zamani za kuni, ukisikia tia, unasukuma gogo tanuruni. Mafuta yalipokuja, unafungua koki. Moto ulibadilika, amri ikabaki ile ile. Kwa miaka minane neno lile lilimwingia masikioni mara mia kwa siku, na hapakuwa na neno alilolichukia zaidi.

Akaingia chumbani. Abasi alikuwa ameegemezwa mito, shavu moja limelegea, mkono wa kushoto umelazwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Jicho lake zima lilimwona Tobias likamshika.

"Tia," alisema Abasi.

"Tayari, dereva," alijibu Tobias. Ndivyo ilivyojibiwa garini. Mwanne akamletea bakuli la uji wa ulezi usio na chumvi, akamwona mumewe akikifungulia kijiko kinywa kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, akatoka nje haraka apate kulia.

Walibaki wawili. Kijiko cha kwanza kilimwagika nusu, cha pili kikapita. Kabla ya kila kijiko Abasi alisema neno lake, na baada ya kila kijiko Tobias alimfuta kidevu. Bakuli lilipofika nusu, Tobias aliacha kijiko ndani yake.

"Abasi," alisema. "Nilijua. Yule binti aliniambia Jumanne, akaniambia nije kwako siku ile ile. Nilikaa nalo siku kumi na moja. Sikusahau. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wivu, na mpaka sasa ninao."

Jicho la Abasi halikupepesa. Chozi lilimtoka upande ule uliolegea, lakini upande ule ulikuwa ukitoa machozi mchana kutwa, kwa hiyo halikuwa ushahidi wa kitu. Tobias alingoja. Alitamani apigwe, atemewe uji, afukuzwe.

"Tia," alisema Abasi.

Amesamehe? Hakusikia? Au ameamrisha tu, kama zamani, asijali fayamani ana nini moyoni? Tobias hakujua na hapakuwa na wa kumweleza. Alichojua ni kwamba hata hapa, nusu yake imekufa, maneno yote yamemtoka, bado Abasi ndiye wa kusema na yeye ndiye wa kutia, na bado lilimchoma. Na alijua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba mtu huyu akifa hatabaki hata mmoja duniani wa kumwonea wivu, na wazo hilo lilimtisha kuliko moto wa Jehanamu.

Akachota kijiko kingine, akakipuliza kipoe, akatia.